Jukwaa Lililo Kati ya Masikio Mawili

Ukichomeka waya wa vipokea sauti vya masikioni kwenye simu bila kuusukuma hadi mwisho, mwimbaji hupotea. Besi nayo huondoka pamoja naye. Kinachobaki ni ala za pembeni, mwangwi na sauti za waitikiaji, vyote vikielea kana kwamba bendi inapiga ndani ya ghala tupu. Vijana wengi wanaujua mchezo huu, na wapo wanaoutumia makusudi ili waimbe wao juu ya wimbo. Fundi wa simu atakuambia kwamba plagi haijaingia vizuri, na kweli haijaingia. Lakini kilichotokea ndani ya waya ule kinastahili kuangaliwa kabla ya kuusukuma.

Muziki mwingi tunaousikiliza leo umehifadhiwa katika chaneli mbili, ya kushoto na ya kulia. Sauti iliyomo kwa usawa katika chaneli zote mbili husikika kana kwamba inatoka katikati, na hapo ndipo mrekodi wa studio anapomweka mwimbaji, pamoja na besi na ngoma kubwa. Yanayotofautiana kati ya chaneli hizo hutawanyika pembeni. Sasa, plagi ikikaa upande, ule mguso wa chuma unaotumiwa kwa pamoja na spika zote mbili hukatika, na kila spika hupokea tofauti tu iliyopo baina ya chaneli moja na nyingine. Kilicho sawa hujifuta chenyewe. Mwimbaji ametoweka kwa sababu alikuwa sawasawa pande zote.

Hisia ya upana, kina na mahali pa kila ala ndiyo wapenzi wa muziki wanayoiita jukwaa la sauti, na matangazo huiuza kana kwamba imefungwa ndani ya boksi pamoja na chaja. Sayansi ya usikivu, ambayo sasa ina zaidi ya miaka 100, inasema vingine. Jukwaa hilo halimo kwenye kifaa wala kwenye programu. Hutengenezwa na ubongo, kwa kulinganisha kilichofika sikio la kushoto na kilichofika sikio la kulia. Kifaa na programu kazi yao ni kupeleka ushahidi, ambao mara nyingine ni pungufu na mara nyingine ni wa kubuni.

Ushahidi wenyewe ni mdogo kiasi cha kushangaza. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takribani mita 340 kwa sekunde. Mtu akikuita kutoka upande wa kulia, sauti yake hufika kwanza sikio la kulia, ndipo huzunguka kichwa na kulifikia la kushoto. Kwa mtu mzima uchelewaji huo hauzidi sana milisekunde 0.7. Na ubongo hauhitaji hata huo wote: msikilizaji makini anaweza kutambua tofauti ya mikrosekunde 10 hivi, yaani sehemu 10 katika kila milioni moja ya sekunde. Ndiyo sababu, kwa sauti iliyo mbele yetu, tunaweza kung'amua kwamba imesogea kwa nyuzi 1 tu.

Sauti nyembamba zina dalili ya pili. Mawimbi yake ni mafupi kuliko upana wa kichwa, kwa hiyo kichwa huyazuia na kulitia kivulini sikio la upande wa pili, ambalo hupokea sauti hafifu zaidi. Mlio mzito wa hertz 100 una wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita 3. Huo hukizunguka kichwa bila kupungua, na ubongo hulazimika kutegemea muda peke yake.

Mgawanyo huu wa kazi ulithibitishwa Uingereza kwa vifaa vya kawaida kabisa, yaani uma za chuma zinazotoa noti moja safi, mirija, na wasikilizaji waliofumba macho. Awali ilidhaniwa kwamba nguvu ya sauti pekee inatosha kueleza kila kitu. Kufikia mwaka 1907 majaribio yalikuwa yameonesha kwamba noti mbili nzito zinazokaribiana sana, kila moja ikipelekwa kwenye sikio lake, humfanya msikilizaji ahisi sauti inahama taratibu kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ilhali nguvu yake haikubadilika masikioni. Kilichobadilika ni muda tu wa kufika kwa mawimbi.

Hata hivyo, tofauti za kushoto na kulia haziwezi kukuambia kama ndege yuko juu ya mwembe au chini yake, wala kama gari liko mbele au nyuma. Hapo sikio la nje huingia kazini. Mikunjo yake, ambayo wengi wetu hudhani ni ya kutundikia hereni na miwani, huzipunguza au kuzikuza baadhi ya sauti nyembamba kulingana na pembe zinakotoka, na ubongo umejifunza kuisoma alama hiyo tangu utotoni. Katika majaribio yote ya fani hii, ninalolipenda zaidi ni lile lililochapishwa mwaka 1998, ambapo watu walitiwa vipande vilivyofinyangwa ndani ya mikunjo ya masikio yao na kuishi navyo. Siku ya kwanza walichanganyikiwa. Kushoto na kulia waliendelea kupajua, lakini juu na chini hapakuwepo tena. Baada ya wiki kadhaa uwezo ulirudi, ukubwani, bila mwalimu. Na vipande vilipotolewa, hawakuanza upya: masikio yao ya zamani yalifanya kazi vilevile kama mwanzo. Ubongo ulikuwa umejifunza masikio mapya bila kuyasahau ya kuzaliwa nayo.

Kuna watu wa pwani yetu ambao huishi na hitilafu ya ushahidi huu kila wanapokwenda kazini, nao ni wavuvi wanaopiga mbizi kutafuta pweza na majongoo ya bahari. Majini sauti husafiri kwa takribani mita 1,500 kwa sekunde, kasi inayozidi mara nne ile ya hewani. Uchelewaji kati ya masikio hupungua kwa kiwango hichohicho. Kivuli cha kichwa nacho karibu hutoweka, kwa kuwa maji na mwili wa binadamu hupitisha sauti kwa namna zinazokaribiana. Matokeo yake mzamiaji huisikia mashine ya boti vizuri sana, lakini hajui iko wapi. Inavuma pande zote, au ndani ya kichwa chake mwenyewe. Wazamiaji wakongwe wanalijua hili bila kuhitaji fizikia. Fizikia inawaongezea kitu kimoja: uhakika kwamba hakuna uzoefu unaoweza kuziba pengo lote hilo, na kwamba boya la rangi kali juu ya maji, pamoja na kutazama pande zote wakati wa kuibuka, ni kinga ya kuaminika kuliko sikio la mtu hodari.

Vipokea sauti humfanyia msikilizaji jambo linalofanana na hilo. Chaneli ya kushoto hupelekwa sikio la kushoto tu, ya kulia sikio la kulia tu. Hakuna sauti inayozunguka kichwa, hakuna ukuta unaoirudisha, na ukigeuza shingo, bendi nzima inageuka pamoja nawe. Duniani hakuna kitu kinachofanya hivyo isipokuwa kitu kilichomo ndani ya kichwa chako. Ubongo, ukiwa hakimu mwaminifu, huamua hivyo: mwimbaji amekaa katikati ya fuvu, ala zimejipanga kwenye mstari kutoka sikio hadi sikio.

Si kwamba masikio mawili ya bandia hayana faida. Mwaka 1881, katika maonesho ya umeme ya Paris, wageni waliwekewa vipokezi viwili vya simu, kimoja kwa kila sikio, vilivyounganishwa na maikrofoni kwenye jukwaa la opera, na wakashangaa kusikia waimbaji wakihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mshangao ule ulikuwa halali. Ila rekodi nyingi zilizofuata baadaye zilitengenezwa kwa ajili ya spika mbili zilizosimama mbele ya msikilizaji, na hapo ndipo tofauti inapoingia. Spika ya kushoto husikika pia na sikio la kulia, ikichelewa kidogo, kama robo ya milisekunde, na ikiwa imefifia. Hedifoni huikata njia hiyo. Sikiliza rekodi za miaka ya 1960 ambazo ngoma zote zilitupwa upande mmoja: kwenye spika zinapendeza, kwenye hedifoni zinakera kama mtu anayekusemesha sikioni bila ruhusa.

Umbo la kifaa lina mchango wake. Vipokea sauti vya kuchomeka ndani huruka mikunjo ya sikio kabisa, wakati hedifoni kubwa zinazolifunika sikio lote huiruhusu mikunjo hiyo ifanye angalau sehemu ya kazi yake. Zile zilizo wazi mgongoni huacha sauti za chumba ziingie, na wasikilizaji wengi huzieleza kuwa na nafasi zaidi, ingawa hizo hazifai kabisa ndani ya daladala. Kila sikio lina tundu lake, kwa hiyo kipira cha kipokea sauti kisichoziba vizuri hupoteza besi, na kipokezi kilicho kizuri masikioni mwa jirani kinaweza kuwa kibovu masikioni mwako. Kuhusu bei, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vipokea sauti 283, vya rahisi na vya ghali, na haukuona uhusiano wa maana kati ya bei na namna vinavyotoa sauti nzito na nyembamba. Uimara, starehe na waya usiokatika ni mambo mengine, na yana bei yake. Lakini anayeuza jukwaa pana kwa mshahara wa mwezi mzima aombwe kwanza kumruhusu mteja asikilize.

Je, programu inaweza kurudisha kilichokatwa? Kwa kiasi, ndiyo, na hapa kuna sababu ya kweli ya matumaini. Mwaka 1989 yalichapishwa majaribio ambayo vinasa sauti vidogo mno viliwekwa ndani ya masikio ya watu, ikapimwa namna masikio hayohayo yanavyoibadilisha sauti kutoka kila pembe, kisha mabadiliko hayo yakaingizwa katika sauti ya hedifoni. Wasikilizaji walionesha mahali pa sauti karibu kwa usahihi uleule wa spika halisi zilizowazunguka. Kasoro kubwa ilikuwa kuchanganya mbele na nyuma mara nyingi zaidi. Dawa ya kasoro hiyo ilijulikana tangu miaka ya 1940, nayo ni kugeuza kichwa: sauti ya mbele na ya nyuma huhama kwa mielekeo inayopingana shingo inapozunguka. Siku hizi baadhi ya vipokea sauti vina vitambuzi vya mwendo, na programu huisogeza sauti kinyume na kichwa ili bendi ibaki pale ilipo. Ukijaribu kwa mara ya kwanza utageuka kutazama kama spika ya simu haijawashwa.

Tahadhari ni kwamba programu nyingi hutumia sikio la wastani. Sikio lako si la wastani, na kwa baadhi ya watu hila hiyo haifanyi kazi, au hufanya muziki usikike kama uko chooni. Zipo programu zinazokadiria umbo la sikio kutokana na picha zilizopigwa kwa simu. Ni njia yenye mwelekeo mzuri, lakini bado ni makadirio. Chumba nacho kina kauli. Mwangwi wa ukumbi mkubwa ukitiwa masikioni mwa mtu aliyeketi katika chumba kidogo chenye mapazia, macho hukana na hisia ya nje ya kichwa hudhoofika.

Ipo pia njia ya zamani na ya kiasi, ya kumwagia sikio la kulia sehemu ndogo ya chaneli ya kushoto, iliyocheleweshwa kidogo na kupunguzwa wembamba, na kinyume chake. Haileti ukumbi wa opera. Hupunguza tu ule uchovu wa ala zilizobanwa pembeni, na kwa maoni yangu kwa rekodi za zamani hiyo inatosha. Nyimbo zinazosambazwa mitandaoni kwa jina la 8D, ambazo sauti huzunguka kichwa kama nzi, mara nyingi ni wimbo wa kawaida uliosukumwa kushoto na kulia na kuongezewa mwangwi. Zinaburudisha kwa dakika mbili. Na programu mbili za kuchezea muziki zinazopeleka tarakimu zilezile kwenye kifaa kilekile, bila kugusa usawazishaji wala sauti, haziwezi kuwa na majukwaa mawili tofauti, hata kama moja inalipiwa. Tofauti inayosikika hapo kwa kawaida ni ya ukubwa wa sauti: ile iliyo juu kidogo huonekana bora.

Tena, hakuna programu inayoweza kurudisha kisichorekodiwa. Sahani ambazo mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alizirekodi Bombay mwaka 1928 zilikuwa za chaneli moja, kwa sababu sahani za stereo ziliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950. Zipo programu za leo zinazoweza kujaribu kutenganisha udi, fidla na sauti yake, kisha kuwapanga wapigaji katika nusu duara mbele yako. Huenda ikapendeza. Lakini nani alikaa wapi siku ile, hakuna tarakimu inayojua, na mtu anayehifadhi taarabu ya kale angefanya vyema kuitunza nakala ya chaneli moja kama ilivyo.

Mwanafunzi anayebana bando ana swali lake. Faili lililobanwa mno huunganisha sehemu za chaneli mbili ili kuokoa nafasi, na mahali pa ala huanza kufifia. Likiwa na kiwango cha kilobiti 256 kwa sekunde, wengi hawalitofautishi na asili wanapopimwa bila kuambiwa lipi ni lipi. Kwa mihadhara ya mtu mmoja hata chaneli moja ndogo inatosha. Faida kubwa kwake iko kwingine. Tangu mwaka 1948 inajulikana kwamba maneno na milio hutoka vizuri zaidi ndani ya kelele pale ambapo sauti na kelele vinatofautiana baina ya masikio mawili. Uwezo huu ndio unaotuwezesha kumfuata mzungumzaji mmoja harusini. Mikutano ya mtandaoni ambayo huwarundika watu wanane katikati ya kichwa hutunyima uwezo huo, na programu zinazompa kila mzungumzaji upande wake hurahisisha kumfuata mmoja wengine wanapozungumza. Hiyo naiona kuwa matumizi ya maana kuliko filamu za milipuko.

Mama naye ana kipimo cha bure. Mtoto wa miezi 6 hivi hugeuza kichwa kutafuta sauti inakotoka. Akiwa mkubwa kidogo, mtoto anayegeukia upande mmoja kila mara, au anayepotea darasani kelele zikizidi ilhali nyumbani anasikia, huenda anasikiliza kwa sikio moja. Usaha wa mara kwa mara ni chanzo kimoja cha hali hiyo, na hutibika. Apelekwe kituo cha afya, asimiminiwe mafuta.

Kelele kubwa za muda mrefu huharibu kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba, hasa kati ya hertz 3,000 na 6,000, yaani zilezile ambazo kivuli cha kichwa na mikunjo ya sikio huzitegemea. Mkulima aliyefanya kazi miaka mingi kando ya mashine ya kusaga au na msumeno wa mnyororo bila kinga anaweza kulinda shamba usiku, akasikia kwamba nguruwe wameingia, na asijue ni pembe ipi. Vipokea sauti vinaweza kumfikisha kijana hapohapo. Miongozo ya kimataifa ya afya huweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwenye desibeli 90 zinabaki saa 4. Ndani ya daladala watu hupandisha sauti ili kushinda injini na makelele ya konda. Kipira kinachoziba vizuri, au kifaa kinachofuta kelele, humwezesha mtu kushusha. Dereva wa bodaboda asivae kabisa: hata kwa sauti ya chini, vipokea sauti humpa jukwaa la uongo juu ya lile la kweli, na lori lililo nyuma kushoto limo katika lile la kweli.

Kwa asiyesikia sikio moja, simu nyingi zina mpangilio, katika sehemu ya ufikivu, unaochanganya chaneli zote mbili kuwa moja. Bila huo, mtu wa namna hiyo akisikiliza mahojiano ambayo mwulizaji yuko kushoto na mjibuji yuko kulia, hupata maswali bila majibu. Ukiuwasha, jukwaa lote linaondoka na maneno yote yanafika.